Utepe Chini ya Utepe

Nilipowaacha wiki jana nilikuwa nimeinamia pipa la magongo yaliyovunjika, kichwa ndani, miguu nje, nikitafuta gongo moja ambalo halikuwemo.

Kwa aliyekosa: mimi ni Aila Koskela, msaidizi wa vifaa katika timu ya hoki ya barafu ya Fisi Maji, hapa Kettle Rapids, kaskazini mwa Ontario. Nina miaka ishirini na minne. Nanoa viatu vya kutelezea, naanika glavu, na nafunga utepe kwenye magongo ya wanaume ishirini na wawili, kila mmoja akiamini kwamba kuna njia moja tu ya halali ya kufunga utepe, yaani yake.

Mmoja wao ni Rémi Lachapelle, mshambuliaji wetu wa pembeni. Mwezi wa kwanza ofisi ya ligi ilituletea waraka. Magongo yafungwe utepe mweusi au mweupe tu. Ule wa rangi za upinde wa mvua, tuliokuwa tukiutumia siku moja kwa mwaka kuwaambia mashabiki na wachezaji wanaopenda watu wa jinsia yao kwamba hapa ni kwao pia, usionekane tena uwanjani.

Siku hiyo Rémi aliingia kwenye chumba changu cha kunolea, akafunga mlango, akaniambia jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtu yeyote wa timu. Kisha akaniomba nimfungie mzunguko mmoja wa ule utepe chini ya ule mweusi, kwenye fundo la juu ya mpini, pale kiganja kinapokamata.

"Hakuna atakayeuona," alisema. "Nataka nijue tu kwamba upo."

Nikamfungia. Nikamwapia kwamba sitamwambia mtu. Jumamosi ile akafunga mabao matatu, kofia za mashabiki zikanyesha barafuni kama ilivyo desturi mtu akifunga matatu, na tangu siku ile Fisi Maji hawajapoteza. Mechi saba mfululizo.

Katika mechi ya saba gongo la Rémi likavunjika. Gongo likivunjika ni kazi yangu kuubandua utepe wake kabla halijaenda popote. Ndiyo kazi yangu, na safari hii ilikuwa na siri yangu ndani yake. Nikasahau. Nilisahau kwa sababu simu iliita, na aliyepiga ni kaka yangu Joonas, na Joonas alisema Jumapili anakuja kuangalia mechi. Kaka yangu hajakanyaga jengo hili kwa miaka tisa.

Nitawaeleza kwa nini. Kwanza lile gongo.

Nilichomoa kichwa pipani. Na hapo, kutoka chumba cha kubadilishia nguo, nikasikia sauti ninayoijua kuliko sauti ya mama yangu.

Krrrrrr.

Utepe unabanduliwa.

Nikakimbia.

Mzee Bo alikuwa ameketi kwenye benchi, miwani kwenye ncha ya pua, gongo mapajani. Mzee Bohdan Hrycay ndiye bosi wangu. Magongo yaliyovunjika anayageuza kuwa viti vya bahati nasibu ya kanisa lao la Kiukraini, na nusu ya mji huu imekalia mabao yetu ya zamani. Siku zote husubiri nimletee magongo yakiwa safi. Jumapili hii aliamka mapema.

"Binti," akasema bila kuinua kichwa, "njoo uone maajabu."

Hakuwa peke yake. Nahodha wetu, Cullen Strand, alikuwa amesimama nyuma yake akila andazi la sukari. Pim Vandermeer, kipa, alikuwa akila mtindi wake wa zambarau kwa kijiko cha mbao. Kila siku ya mechi mtindi ule ule, kijiko kile kile.

Juu ya mpini, pale ambapo fundo jeusi lilikuwa limebanduliwa, palikuwa na pete ya rangi sita inayong'aa kama pipi.

"Namba kumi na tisa," Strand akasoma pembeni mwa gongo. "Hili si la Lachapelle?"

Mzee Bo akaligeuza gongo.

"Nauliza. Lachapelle anafanya nini na utepe wa..." Akalitaja lile neno wanalotukanwa wanaume wanaopenda wanaume. Strand hulitaja lile neno kama wengine wanavyosema habari za asubuhi. Halina chuki mdomoni mwake. Halina chochote. Ndicho kinachoudhi.

Sasa niwaambie mimi ni mtu wa namna gani. Mgahawani nikiletewa supu isiyo yangu, nainywa. Shuleni niliitwa Nina kwa mwaka mzima na mwalimu mmoja, na sikumsahihisha. Lakini niliona kidole cha Strand kikigusa ile namba, nikaona uso wa Rémi kichwani mwangu, na mdomo ukafunguka wenyewe.

"Ni mimi," nikasema. "Nimeuweka mimi. Rémi hajui."

"Wewe?"

"Mimi."

"Kwa nini?"

Hapo ndipo ningesema nilikosea roli ya utepe. Ningesingizia giza. Ningesema lolote.

"Kwa bahati," nikasema.

Kijiko cha Vandermeer kikasimama njiani.

"Subiri kwanza. Tangu lini?"

"Tangu... ile Jumamosi. Ya kofia."

Vandermeer akaweka mtindi chini. Akaanza kuhesabu kwa vidole, midomo ikicheza. Alipofika saba akanitazama kama mtu aliyeambiwa mkewe ni jasusi.

"Na mimi siku zote nilidhani ni fulana yangu!"

"Sote tulidhani ni fulana yako," Mzee Bo akasema. "Kwa nini unafikiri tumeivumilia?"

Fulana ya Vandermeer haijafuliwa tangu mwezi wa kwanza. Inaishi kwenye mfuko wake peke yake, juu ya msumari wake peke yake, na fundi wa mabomba aliyekuja mwezi wa pili aliuliza kama kuna kitu kimefia ukutani.

"Ngoja, ngoja," Strand akasema. "Mnataka kuniambia tumeshinda mechi saba kwa sababu ya utepe wa..." Akalisema tena.

"Sijali ni wa nani," Vandermeer akasema, na tayari alikuwa ananyoosha gongo lake. "Dada Aila, nifungie."

"Na waraka?" Strand akaonyesha ukutani, ulipobandikwa.

"Waraka unasema usionekane. Umeonekana? Mechi saba, kuna mtu ameuona?"

Strand akafikiri. Huyu ni mwanamume anayevaa kiatu cha kushoto kwanza kwa miaka sita. Siku moja alirudi nyumbani kilomita kumi na moja kwenye theluji kwa sababu alikumbuka njiani kwamba ameanza na cha kulia.

"Nifungie na mimi," akasema. "Lakini mwembamba."

Ilipotimu saa tano walikuwa wamepanga foleni hadi kwenye mabafu.

"Wangu uanzie nyekundu."

"Lachapelle wake umeanzia wapi?"

"Nyekundu."

"Basi wote nyekundu, msichezee mambo."

"Dada, niwekee mizunguko miwili."

"Lachapelle ana mingapi?"

"Mmoja."

"Mmoja! Mmoja! Wewe unataka kutuletea nuksi?"

Majitu yasiyo na meno ya mbele yalisimama mbele yangu kama watoto kwenye chanjo, na mimi nikafunga. Nilifunga rangi sita, nikafunika kwa nyeusi, nikafunga rangi sita, nikafunika kwa nyeusi. Nitaungama: kwa nusu saa nilikuwa na furaha. Nilijiona nimefanya jambo. Nilifikiri kama kila fundo lina upinde wa mvua ndani yake, basi Rémi si peke yake tena, na hakuna aliyelazimika kusema neno lolote. Mtu mwenye haya kama mimi hakuna anachokipenda kuliko hicho, jambo kubwa likamilike bila mtu kulisema.

Mzee Bo alipita nyuma yangu na kahawa.

"Hujui kudanganya, binti," akasema kwa sauti ya chini. "Ila umejitahidi."

Nikageuka. Alikuwa ameshapita.

Rémi akaja saa tano na nusu. Nilimsikia akiwasalimia wenzake, nikasikia Strand akimwita pembeni, kisha sikusikia kitu. Baada ya dakika mbili mlango wa chumba cha kunolea ukafunguka. Akaingia, akaufunga, akaegemea.

"Uliwaambia."

"Sikuwaambia! Niliwadanganya."

"Uliwadanganya nini?"

Nikamweleza. Pipa, simu, Mzee Bo, bahati. Nilipofika kwenye fulana ya Vandermeer akacheka kidogo, nikapata matumaini. Kicheko kikaisha haraka.

"Unajua Strand ameniambia nini sasa hivi? Amenishika bega. Amesema, 'Pole, ndugu yangu. Yule binti alikufungia utepe wa wale jamaa bila wewe kujua. Usijali, sisi sote tunao sasa, hakuna atakayekufikiria vibaya.'" Akajifuta uso kwa kiganja. "Amenipa pole, Aila. Nahodha wangu amenipa pole."

Mashine ya kunolea ilikuwa inazunguka bure. Nikaizima.

"Kilikuwa kitu kimoja," akasema. "Katika jengo hili lote, kitu kimoja changu. Sasa ni kama ile fulana."

"Nitaibandua yote. Sasa hivi."

"Kabla ya mechi ya nane? Watakuzika kwenye maegesho."

"Basi nifanye nini?"

"Nifungie yangu kama kawaida." Akashika kitasa, akasimama. "Na tukipoteza?"

"Nini?"

"Leo. Tukipoteza. Umefikiria huo utepe utakuwa nini kwao tukipoteza?"

Akatoka. Sikuwa nimefikiria.

Sasa kaka yangu.

Joonas alikuwa kipa wa vijana katika uwanja huu huu. Alikuwa mzuri, na hilo si upendo wa dada, mwulizeni Mzee Bo. Alipokuwa na miaka kumi na saba mtu mmoja darasani alimwona sinema na kijana mwenzake, wameshikana mikono, na mechi iliyofuata lile neno lilishuka kutoka viti vya juu kipindi chote cha pili. Watu wazima walilisema. Kipindi cha tatu hakurudi. Aliacha hata viatu vyake, na mimi ndiye niliyevichukua, nikiwa na miaka kumi na mitano. Viatu vile ndivyo nilivyojifunzia kunoa.

Saa saba na nusu alikuwa amesimama kwenye mlango wa wafanyakazi, amevaa koti la kijivu, na Ansel, mpenzi wake kwa miaka minne sasa, akiwa amebeba mkate mtamu wa pulla aliooka mama kana kwamba sisi huku tuna njaa.

"Mdogo wangu," Joonas akasema, akavuta pumzi. "Panavyonuka ni vile vile."

"Ni fulana ya kipa."

"Siku zote ni fulana ya kipa."

Aliniuliza wachezaji wako vipi siku hizi. Nilitaka kumwambia kwamba kila gongo utakaloliona leo lina upinde wa mvua ndani yake. Ulimi ulikuwa tayari. Nikakumbuka kwamba siri ile si yangu, nikasema, "Wako vizuri. Kaeni safu ya tatu, nyuma ya benchi letu. Nitawaona."

Mechi ikaanza saa nane mchana, dhidi ya Wakata Magogo wa Saint-Aubert.

Niwaambie kwa ufupi, maana hata mimi sipendi kukumbuka. Kipindi cha kwanza: tumefungwa mbili bila. Kipindi cha pili dakika ya tano: tatu bila. Vandermeer aliokota kile kisahani cheusi wavuni mara ya tatu, kisha akalitazama fundo la gongo lake kama anavyotazamwa shemeji aliyekopa gari akalirudisha limebonyea.

"Linafanya kazi kweli?" akanipigia kelele alipokuja benchi kunywa maji.

"Subiri kidogo," nikamwambia. Ningesema nini?

Dakika ya kumi na moja Rémi akabaki peke yake na goli tupu. Goli tupu kabisa, bibi yangu angefunga kwa ufagio wa jikoni. Akapiga nje.

Na kutoka nyuma yetu, safu ya tano, sauti ya mwanamume ikalipasua lile neno. Refu, tamu mdomoni mwake, ili watu wote wasikie. Wengine wawili wakacheka.

Niligeuka. Sikumtafuta aliyesema, nilimtafuta kaka yangu. Joonas alikuwa ameshaanza kuinuka. Hakuwa na hasira. Alikuwa akikusanya koti lake taratibu, kama mtu ambaye basi lake limefika. Ansel alikuwa amemshika mkono wa shati.

Kabla hawajatoka kwenye safu, kengele ikalia.

Kwenye safu ya nne huketi Bi Doreen Pasternak. Ana miaka sabini na minane na kengele ya ng'ombe aliyoirithi pamoja na ng'ombe. Ng'ombe alikufa zamani. Kengele haikosi mechi.

"Wewe mwenye kofia ya kijani!" Sauti yake ilifika hadi benchi. "Ndiyo, wewe, usigeuke nyuma! Miaka thelathini na tisa nimekaa kiti hiki. Nimewaita waamuzi majina ambayo padri wangu hajui kama yapo. Hilo halimo. Kaa chini."

"Bibi, nimekata tiketi kama—"

"Na mimi nina kengele."

Akaipiga sikioni mwake. Hakuacha. Aliipiga kama kanisa linaungua. Yule mwenye kofia ya kijani akavumilia kama nusu dakika, kisha akachukua bia yake akahama, na safu mbili zikamsindikiza kwa makofi.

"Na wewe kijana," Bi Doreen akamwambia Joonas, "unakwenda wapi? Umeniziba. Keti."

Kaka yangu akaketi. Akamtazama yule bibi, akaitazama ile kengele, akaanza kucheka. Sikuwa nimemsikia akicheka ndani ya jengo hili tangu akiwa na miaka kumi na saba. Nilijifanya natafuta taulo chini ya benchi.

Nilipoinuka niliona jambo jingine. Rémi alikuwa amerudi benchi. Hakutazama jukwaani. Alikuwa ameinamisha kichwa, na kidole gumba chake kilikuwa kinasugua fundo la juu ya gongo lake, polepole, kama unavyosugua jiwe ulilolibeba mfukoni miaka mingi. Pembeni yake aliketi Strand. Strand alikuwa amelisikia lile neno, wote tulilisikia. Aliangalia jukwaani. Kisha akamwangalia Rémi. Kisha akakiangalia kile kidole.

Strand ni mtu wa maneno mengi. Hadi mwisho wa mechi hakusema hata moja.

Sita bila.

Chumba cha kubadilishia nguo baada ya kufungwa sita bila kina ukimya wake. Unasikia maji yakidondoka kutoka kwenye vifaa. Unasikia mtu akivua kiatu. Nilisimama mlangoni na kapu la taulo, nikijaribu kuwa kapu.

Vandermeer ndiye aliyeanza. Alivua ile fulana, akaikunja vizuri kwa heshima zote, akaenda nayo hadi kwenye pipa la taka, akaitumbukiza. Hakuna aliyecheka. Kwa siku nyingine yoyote tungefanya sherehe.

"Na utepe," mtu akasema.

"Nuksi tupu."

"Mimi nilisema tangu asubuhi."

"Hukusema chochote, ulitaka mizunguko miwili!"

"Ubanduliwe wote. Uchomwe."

"Nani alileta huu uchafu?"

Mikono ikaanza kufikia magongo. Nilimtazama Rémi. Alikuwa kwenye kona yake, bado na vifaa vyote mwilini, macho sakafuni, na uso wake ulikuwa na ule utulivu wa Joonas akikusanya koti.

Kapu likaanguka. Nadhani nililiangusha mimi.

"Nilidanganya," nikasema.

Sauti yangu ni ndogo. Lakini ukimya ulikuwa mkubwa.

"Sema, dada?" Vandermeer akauliza.

"Nilidanganya. Si wa bahati. Haujawahi kuwa wa bahati. Mmefungwa kwa sababu beki zenu walikuwa wamelala." Sijui hilo lilitoka wapi. "Msiutupe kwa sababu hiyo. Huo utepe hauna kosa."

"Kama si wa bahati," mtu mmoja akauliza, "basi ni wa nini?"

Hapo nikakwama. Nilichokuwa nacho kikawa si changu kukitoa. Macho ishirini na mawili... hapana, arobaini na manne, yalikuwa usoni mwangu, na nilihisi joto likipanda shingoni hadi kwenye masikio.

"Mwacheni," Rémi akasema.

Akasimama. Juu ya viatu vya barafu mtu huwa mrefu kuliko alivyo.

"Mimi ndiye niliyemwomba. Alidanganya kunikinga. Ulikuwa wangu." Akavua glavu. "Mimi napenda wanaume. Nimekuwa hapa miaka mitatu na nimewasikia mkilisema lile neno kila siku, na kila siku nimecheka pamoja nanyi. Nilitaka kitu kimoja ambacho sikuhitaji kukichekea. Nikakiweka pale ambapo hamkukiona." Akaangalia magongo mikononi mwao. "Mkitaka kuubandua, ubandueni. Lakini msiseme ni nuksi. Mjue mnabandua nini."

Akaketi.

Mzee Bo alikuwa amesimama mlango wa pili, miwani mkononi. Maji yalidondoka.

Kisha Strand akainuka.

Akalichukua gongo lake kutoka ukutani, akarudi, akaketi, akalilaza mapajani. Kwa ukucha akaanza kutafuta mwisho wa utepe kwenye fundo la juu. Ilimchukua muda, maana ninafunga vizuri. Akaupata.

Krrrrrr.

Ili kuufikia ule wa chini ni lazima kwanza uubandue mweusi. Hakuna njia nyingine. Kwa hiyo sikujua kama anataka kuutoa au kuuonyesha, na Rémi hakujua, na nadhani hakuna mtu chumbani mle aliyejua. Mweusi ukatoka mzunguko kwa mzunguko, ukaanguka sakafuni kati ya viatu vyake. Rangi sita zikabaki wazi chini ya taa.

Kidole gumba cha Strand kikatua juu yake. Kikasimama.

Akainua macho. Hakumtazama Rémi. Alinitazama mimi, na uso wake ulikuwa mwekundu kuliko wangu.

"Aila," akasema. "Nipe mkasi."

Mkasi ulikuwa mfukoni mwa aproni yangu. Ndiyo kwanza nikagundua kwamba mkono wangu ulikuwa umeukamata kwa nguvu muda wote huo, na haukutaka kuuachia. Alichokikata Strand kwa mkasi ule nitawaambia wiki ijayo.